Sheria ya Bahari Si ya Wenye Pwani Pekee

Wapo wanaoamini kwamba Mganda anayesomea shahada ya uzamili ya sheria na sera za bahari anapoteza karo yake bure, kwa kuwa nchi yetu haina pwani. Dhana hiyo si sahihi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, umetenga Sehemu yake ya Kumi kwa ajili ya haki ya nchi zisizo na bahari kuifikia bahari na kupitisha mizigo yao katika nchi jirani; tena kifungu cha 90 kinaziruhusu kuwa na meli zenye bendera zao, kama Uswisi, nchi ya milima, ilivyofanya kwa miaka mingi.

Hata asiyejali bendera ataikuta sheria ya mambo ya bahari dukani. Mfanyabiashara wa Kikuubo, eneo la maduka ya jumla jijini Kampala, ambaye kontena lake limekwama Mombasa, huku tozo za ucheleweshaji zikipanda kila siku, anahitaji mtu wa kuisoma hati ya shehena na kumweleza ni nani atakayelipia mzigo ulioloa maji ya chumvi: mwenye meli, bandari au kampuni ya bima.