Mtoto anaharisha: ni meno, au ni nini?

Mwanangu ana miezi minane, anaharisha. Bibi yake anasema anaota meno. Ni kweli?

Meno hayaharishi. Ila yanaanza kuota karibu na miezi sita, umri uleule mtoto anapoanzishiwa uji, anapojifunza kutambaa na kutia mdomoni kila anachookota. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama imeshapungua. Mambo yote haya yanakutana, na lawama yanabebeshwa meno. Nawasihi akina mama: msikubali mtoto ang'olewe yale yanayoitwa "meno ya plastiki". Vile ni vijino vichanga vilivyo bado ndani ya ufizi. Kuvichokonoa humtoa mtoto damu na kumwingizia maambukizi, na wapo waliokufa kwa hilo wakati kilichohitajika kilikuwa maji ya ORS, yaani yale ya chumvi na sukari ya pakiti.

Sasa kinachomharisha ni nini?

Vijidudu, na ni vingi. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2013 ulipima watoto zaidi ya 9,000 wenye kuhara kwa kiasi au kukali, katika nchi saba za Afrika na Asia, zikiwemo Kenya (huko Siaya) na Msumbiji. Vinne ndivyo vilivyoongoza. Virusi vya rota viko mbele kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja: mara nyingi mtoto anaanza na homa na kutapika, kisha choo cha maji matupu. Kuna aina ya bakteria wa E. coli wanaotoa sumu kwenye utumbo. Kuna shigela, anayeleta kuhara damu. Vijidudu vyake visivyofika hata 100 vyatosha kumwambukiza mtu. Cha nne ni kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, ambacho wengi hawajawahi kukisikia. Kina ganda gumu, na ile klorini tunayotia kwenye ndoo haikiui. Kuchemsha kunakiua.

Mimi maji nachemsha kila siku. Vinapitia wapi?

Maji ni njia moja tu. Vijidudu hivi vinatoka kwenye kinyesi na kuingia mdomoni, na kinyesi cha mtoto mchanga nacho kimo, ingawa wengi wetu tunakiona hakina madhara: tunabadilisha nepi, tunafuta mikono kwenye kanga, tunaendelea kusonga ugali. Maji yaliyochemshwa nayo yanachafuka tena kikombe kikizamishwa ndooni pamoja na vidole.

Halafu kuna uji. Uji wa asubuhi uliofunikwa mpaka jioni, kwenye joto letu, bakteria huzaliana humo saa baada ya saa, na kuupasha vuguvugu hakusaidii. Pika kidogo, alishwe ukiwa mpya, kwa kikombe na kijiko. Chupa yenye chuchu ni ngumu mno kuisafisha.

Alipata chanjo ya rota. Mbona bado?

Chanjo ile, iliyoanza Tanzania mwaka 2013 na Kenya 2014, inamkinga dhidi ya rota peke yake, hasa ile kali. Vijidudu vingine haivigusi. Msiache kuwapeleka kwa matone yake yote.

Nimnunulie antibayotiki dukani?

Kwa kuhara maji, hapana. Virusi haviuawi na antibayotiki. Changanya ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, umpe kidogo kidogo kila anapoharisha, na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita. Aendelee kunyonya na kula.

Akitoa choo chenye damu, apelekwe kituo cha afya, huko ndiko dawa itakakoamuliwa. Vivyo hivyo macho yakidumbukia, utosi ukibonyea, akilegea, akishindwa kunywa au akitapika kila anachopewa. Hapo ni kuondoka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, huku mkimnywesha ORS njiani akiweza kumeza.