Premio Tatu, Injini Tatu: Yanayosemwa Gereji na Yaliyomo Ndani ya Bloku

"VVT-i zote zinakula oili"

Ukikaa gereji ya Dar es Salaam nusu saa tu utaisikia hukumu hii, na anayeitoa huwa ana spana mkononi, kwa hiyo ni nadra mtu kumbishia. Lakini VVT-i si injini. Ni mfumo wa kuwahisha au kuchelewesha kufunguka kwa valvu kulingana na mwendo na mzigo, ulioanza kwenye magari ya Toyota mwaka 1995. Tangu hapo umefungwa kwenye injini za silinda tatu za lita moja, kwenye V8 za kifahari, na kwenye nyingine nyingi zisizo na undugu wowote. Kusema VVT-i zinakula oili ni sawa na kusema wavaa kofia wanakoroma.

Hata hivyo maneno hayo hayakuanguka kutoka mawinguni. Yana asili, na asili yake inaonekana vizuri ukilifuata gari moja tu, Toyota Premio ya lita 1.8, kizazi hadi kizazi.

Ile ya kwanza, Corona Premio iliyouzwa Japani kuanzia 1996 hadi 2001, ilikuja na injini ya 7A-FE ya cc 1762. Bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya chuma, mkanda wa taimingi, distributa ya kugawa moto. Desemba 2001 ikatoka Premio mpya pamoja na pacha wake Allion, na ya 1.8 ikapewa 1ZZ-FE ya cc 1794: bloku ya alumini, cheni badala ya mkanda, koili yake juu ya kila plagi, na VVT-i. Mwaka 2007 umbo likabadilika tena na injini ikawa 2ZR-FE, yenye VVT-i kwenye kamshafti (mihimili inayofungua valvu) zote mbili, ya valvu za kuingiza na ya valvu za kutoa. Gari ni Premio, kibandiko ni 1.8, na ndani kuna mashine tatu tofauti kabisa.

Iliyoharibu jina ni ile ya katikati. Kila pistoni ina ringi ya kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda, na nyuma ya ringi hiyo kuna vijitundu vya kuirudisha oili chini kwenye sampu, bakuli lake. Kwenye 1ZZ-FE za awali njia hiyo ilikuwa finyu. Oili ikichakaa, au ikikawia kubadilishwa, masizi yanaviziba vijitundu, ringi inaganda, oili inabaki ukutani na kuungua pamoja na petroli. Hapo ndipo moshi wa bluu unapoanza, na chupa ya oili inahamia buti moja kwa moja. Mwaka 2005 Toyota ilizichora upya pistoni hizo, ikapanua vijitundu.

Jina la injini halikubadilika. Injini mbili za 1ZZ-FE, moja ya 2002 na nyingine ya 2006, ukizitazama kwa juu hutazitofautisha, lakini tumboni ni watu wawili.

Na 1NZ-FE ya 1.5, ile ya Probox, ya Fielder na ya IST ya 1.5, ni VVT-i ya zama zilezile lakini ni ya ukoo mwingine na haina pistoni hizo. Inaweza kula oili ikitunzwa vibaya, kama injini yoyote. Ila ndiyo hiyohiyo inayokimbiza Probox za miraa kutoka Meru kwenda Nairobi usiku na mchana, na nadhani hakuna jaribio gumu kuliko hilo.

Wakenya wana mkanganyiko wao hapa. Corolla ya mwaka 2000 kuendelea wameizoea kwa jina la NZE, hata pale ambapo ni ya 1.8. Mtu analalamika, "NZE yangu inakunywa oili," unafungua boneti, unasoma kibao cha modeli ya gari, unakuta ZZE122. Herufi mbili za mwanzo ndizo ukoo wa injini: NZE ina NZ, ZZE ina ZZ. Kwa Premio ni vilevile: NZT240 ni 1.5, ZZT240 ni 1.8, AZT240 ni 2.0, na ZRT260 ndiyo ile mpya yenye 2ZR. Gari lenyewe linakuambia lilivyo kabla fundi hajasema neno.

"2NZ ni kubwa kuliko 1NZ"

Hapana. Namba ya mwanzo haihesabu silinda wala lita, ni zamu tu ndani ya ukoo. 1NZ-FE ni 1.5, 2NZ-FE ni 1.3. Na 1KR ina silinda tatu. Baada ya kistari, F ni kamshafti mbili zilizopangwa kwa matumizi ya kawaida, E ni nozeli zinazoongozwa kielektroniki, S ikiingia katikati ujue petroli inanyunyizwa ndani ya silinda yenyewe, na X ni ya haibridi, kama 1NZ-FXE ya Prius.

"Gari lina namba mpya, kwa hiyo injini ni mpya"

Namba ya Tanzania inakuambia gari lilisajiliwa lini hapa. Haikuambii lilitoka kiwandani lini. Gari lenye namba D linaweza kuwa la 2002. Kenya wana nafuu kidogo, kwa sababu hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa anayenunua mitumba ya Japani, herufi za mbele kwenye kibao zinasaidia: TA- na UA- ni za kanuni za zamani za moshi, CBA- na DBA- ni za kanuni za mwaka 2005. Si hati ya kiapo kuhusu pistoni, lakini zinakuonyesha uko upande gani wa mto.

"Alumini ni ya kutupa, chuma ndiyo injini"

Hapa mafundi wa zamani wana hoja, na sitawanyima. Bloku ya 7A ikilika, ilipelekwa kuborishwa, silinda zikapanuliwa, zikatiwa pistoni za ovasaizi, na gari likarudi barabarani. Bloku za 1NZ na 1ZZ zina slivu nyembamba za chuma zilizomiminiwa alumini pembeni, na kiwanda hakikukusudia ziborishwe. Zikilika, wengi wanatafuta injini nyingine. Kwa maana hiyo, ndiyo, ni za kutupa.

Lakini kutorekebishika si kuwa dhaifu. Alumini ilikuja kwa sababu ya uzito na petroli, na uso unaosuguana na ringi bado ni chuma. Wanaodai injini za zamani hazikupinda hata zikichemka wanasahau kwamba hedi ya 7A, sehemu ya juu inayofunika silinda, nayo ilikuwa ya alumini. Ilipinda vizuri tu, na ikapelekwa kusagwa.

"Cheni haibadilishwi, na oili nzito ndiyo kinga"

Nimeziweka pamoja kwa sababu ya kwanza inauawa na ya pili.

Mkanda wa taimingi ulikuwa na tarehe yake inayojulikana: kilomita 100,000, unabadilisha. Kwenye 4A, 5A na 7A-FE, hata ukikatika njiani, gari linazima tu, maana pistoni na valvu hazifikiani. Cheni ya 1NZ au 1ZZ haina tarehe, na watu wakatafsiri kwamba ni ya milele. Cheni inarefuka polepole. Kinachoikaza ni tensheni inayosukumwa na presha ya oili, na ikiruka meno, kwenye injini hizi pistoni na valvu zinakutana. Ile kelele ya kokoto asubuhi unapowasha, inayotulia baada ya sekunde chache, ni cheni inasubiri oili ifike.

Sasa mtu anasikia kelele hiyo, au anaona oili inapungua, anaambiwa atie oili nzito kama ile ya lori. Injini hizi zilichorwa kwa oili nyepesi, 5W-30 na jamaa zake. VVT-i yenyewe inafanya kazi kwa presha ya oili: kuna valvu ndogo ya umeme inayoielekeza kwenye kamshafti, na kabla yake kuna chujio la wavu mwembamba usiozidi ncha ya kidole. Oili nzito asubuhi inachelewa kufika kwenye tensheni, na oili chafu inauziba wavu. Gari linakosa nguvu, taa ya injini inawaka, na mwenye gari anaambiwa VVT-i imekufa. Kumbe ni kichujio cha kufungua, kuosha na kurudisha. Kwa 1ZZ iliyokwisha ringi, oili nzito inapunguza moshi kwa muda, nakubali. Wauzaji magari wanaijua mbinu hiyo kuliko mafundi.

"D-4 na VVT-i ni kitu kimoja"

Ni vitu viwili vinavyoweza kukaa kwenye injini moja, kama kwenye 1AZ-FSE ya Premio 2.0. D-4 inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Matokeo yake valvu za kuingiza hewa hazioshwi tena na petroli, na masizi yanaganda juu yake. Lawama nyingi za D-4 zina msingi. Toyota wenyewe, walipotoa 2GR-FSE mwaka 2005, waliweka nozeli za aina mbili kwa pamoja, za ndani ya silinda na za njia ya hewa, wakaiita D-4S.

"Injini ni ileile, funga tu"

Hii ndiyo inayokula pesa za watu. Unaenda Gerezani, mtaa wa vipuri vya magari Dar es Salaam, unapewa injini ya mtumba, msimbo ni 1NZ-FE kama wa gari lako, unalipa. Gereji soketi zinakataa. 1NZ za mwanzo zipo zenye waya wa ekseleta unaovuta throtoli (mlango wa hewa ya injini), na za baadaye zina throtoli ya umeme inayosubiri ishara ya kompyuta. Kabla ya kutoa hela, piga picha throtoli ya injini yako, soketi zake na kibao cha gari, uvilinganishe palepale dukani. La sivyo utarudi na injini nzima, safi, isiyojua mguu wako unataka nini.