Je, wajua kwa nini mlio wa simu hukufikia hata katikati ya Marikiti?

Muuza bizari wa Marikiti, Mombasa, huishi ndani ya kelele kutwa: hamali wataka njia, tuktuk zapiga honi, jirani aita wateja. Yote humpita. Lakini meseji ya M-PESA ikilia mfukoni, mkono unaopima iliki husita papo hapo. Sikio ni lile lile. Ubongo ndio unaochagua.

Uchaguzi huo mwanasayansi Colin Cherry wa Uingereza aliupima mwaka 1953. Aliwasikilizisha watu maneno tofauti katika kila sikio, akawataka wafuate upande mmoja. Ya upande wa pili yaliwapotea karibu yote, hata lugha yenyewe wengi hawakuitambua. Mwaka 1959 Neville Moray akagundua kwamba jina la msikilizaji likitajwa upande ule uliopuuzwa, takriban mtu mmoja kati ya watatu hulinasa. Ubongo huacha mlango wazi kwa linalomhusu mwenyewe. Mlio wa simu, uliokwisha kufungamana na pesa iliyoingia, hali ya mgonjwa au salamu za mtoto aliye Jeddah, hupita mlango huo huo.

Wengi hudhani usipoifungua simu hujapoteza kitu. Sivyo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, waliwapa watu kazi ya umakini, wakawapigia simu au kuwatumia meseji ambazo hawakuzigusa. Makosa yaliongezeka, yakakaribia yale ya mtu anayeitumia simu hasa. Mlio huzaa swali, nani huyo na ana habari gani, na swali hilo huondoka na akili. Dukani ndipo mtu hupokea noti ya mia tano akarudisha chenji ya elfu.

Basi tuzime zote? Utafiti wa mwaka 2019 uliona kwamba waliokusanyiwa arifa wakaletewa mara tatu kwa siku walitulia zaidi, ila walionyimwa kabisa walizidi kuwa na wasiwasi. Nawaelewa. Mchuuzi asiyejua kama pesa imeingia hawezi kumwachia mteja mzigo.

Nionavyo mimi, dawa ni kutenganisha milio. Tangu Android 8, ya mwaka 2017, kila aina ya arifa ndani ya programu yaweza kupewa sauti yake au kunyamazishwa. Makundi ya harusi na chama yanyamazishe. WhatsApp hukuruhusu kuyanyamazisha kwa muda wa saa 8, wiki moja au daima. Kama una kompyuta ofisini, usikubali ujumbe mmoja ulie huku na kule.

Meseji za pesa zipe mlio usiotumika kwingine, uufungamanishe na mtumaji MPESA peke yake. Matapeli wanaotuma ujumbe bandia wa malipo kwa kawaida hutumia namba za kawaida, kwa hiyo wao watalia mlio mwingine. Hata hivyo, angalia salio kabla hujafunga mzigo.