Mtoto Anaposhtakiwa: Ni Nini Hasa Kinachothibitishwa Mahakamani?

Mzazi anayefika Mahakama ya Watoto kwa mara ya kwanza mara nyingi huwa amejiandaa kueleza jinsi alivyomlea mwanawe, na mlalamikaji naye huja na orodha ya visa vya utundu wa mtoto huyo mtaani. Mambo hayo yana wakati wake. Kwanza hakimu hana budi kujibu swali moja: je, kitendo kinachodaiwa kilitendeka, na aliyekitenda ni mtoto huyu?

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania, shauri la mtu mwenye umri chini ya miaka 18 husikilizwa faraghani, kwa njia ya kudadisi badala ya mabishano makali ya kisheria, akiwepo afisa ustawi wa jamii pamoja na mzazi au mlezi. Hakimu humweleza mtoto tuhuma kwa lugha nyepesi, kisha humuuliza kama anazikubali. Asipozikubali, mashahidi wa upande wa mashtaka huitwa, na mtoto au mzazi wake hupewa nafasi ya kuwahoji. Hapa ndipo watoto wengi hukwama, kwa kuwa badala ya kuuliza swali huanza kujitetea: "Mimi sikuwepo, nilikuwa kwa bibi." Mtoto asiye na wakili hapaswi kunyamazishwa kwa sababu hiyo, ni juu ya hakimu kuyachukua maneno hayo na kumuuliza shahidi yale ambayo mtoto hakujua namna ya kuyauliza.

Wepesi huu wa utaratibu haupunguzi hata kidogo kiwango cha uthibitisho. Mzigo unabaki kwa upande wa mashtaka, nao ni kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya msingi, sawasawa na ilivyo kwa mtu mzima. Hata maelezo ya kukiri yaliyotolewa polisi hayatoshi mpaka upande huo uonyeshe kwamba yalitolewa kwa hiari, na kwa maoni yangu hiari ya mtoto aliyehojiwa peke yake usiku yafaa kupimwa kwa makini zaidi.

Umri nao unaweza kubadili kila kitu. Kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu, yaani sheria inayotaja makosa ya jinai na adhabu zake, kinasema kuwa mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai. Aliye na miaka 10 lakini hajafikisha 12 hawajibiki pia, isipokuwa ithibitishwe kwamba alipotenda alikuwa na uwezo wa kufahamu kuwa hakupaswa kutenda hivyo. Kwa hiyo, kwa mtoto wa miaka 11 anayedaiwa kuiba simu dukani, kuthibitisha kwamba aliichukua hakutoshi.

Taarifa ya afisa ustawi wa jamii kuhusu nyumbani, shuleni na mwenendo wa mtoto ni ya kumsaidia hakimu kuchagua amri inayofaa baada ya tuhuma kuthibitika, na amri hiyo haiwezi kuwa kifungo gerezani. Kuitumia taarifa hiyo mapema kuziba pengo la ushahidi ni kumhukumu mtoto kwa sifa zake.

Mzazi aliyeitwa mahakamani aende na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama hakipo, kadi ya kliniki yaweza kusaidia, na mzazi mwenyewe anaweza kueleza chini ya kiapo ni lini alimzaa.