Anwani mbili za kikoa kimoja hazitenganishi barua

Safari hii ni meneja wa hoteli hapa Malindi aliyenihakikishia kwamba barua pepe zake za miamala zimekwisha kutenganishwa na zile za matangazo, kwa kuwa risiti hutoka kwenye anwani inayoanza na "risiti" na ofa hutoka kwenye anwani inayoanza na "ofa". Imani hii nimekutana nayo Watamu na Shela pia, na wenye kuishikilia huja kwangu wakiwa wamekwisha kupata hasara. Barua hizo hazijatenganishwa. Gmail na wenzake huijenga sifa ya mtumaji, yaani kiasi cha kuaminiwa kwake, hasa juu ya kikoa (jina la mtandao lifuatalo alama ya @) kinachotia saini ya DKIM, muhuri wa kidijitali wa barua, na juu ya anwani ya IP, yaani namba ya mtandaoni ya seva inayotuma, wala si juu ya jina lililotangulia alama ya @.

Masika yanapoingia na vyumba kubaki vitupu, hoteli huitoa orodha ya wageni wa miaka iliyopita na kuwatumia wote ofa kwa siku moja. Anwani nyingi zimekufa, na baadhi ya wapokeaji, wasiokumbuka hata waliwahi kulala hapo, huiripoti barua kuwa taka. Google inataka malalamiko yabaki chini ya asilimia 0.1 na yasifikie asilimia 0.3; katika barua 300, mlalamikaji mmoja tu amekwisha kuuvuka mpaka huo. Anayeumia baadaye ni mgeni aliyekwisha kulipia chumba Lamu, ambaye barua ya kumweleza ni boti gani itamngoja akishuka kwenye uwanja wa ndege wa Manda imeishia kwenye folda ya taka, na kutoka Manda hadi Lamu mjini hakuna njia ila kuvuka maji.

Dawa yenyewe ni fupi: vikoa tanzu viwili, yaani matawi ya kikoa kikuu, tuseme risiti.mfano.co.ke na ofa.mfano.co.ke, kila kimoja na SPF yake (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake), ufunguo wake wa DKIM na anwani yake ya kurejeshea barua zilizokataliwa. Mwenye barua chache asinunue anwani ya IP ya peke yake, kwa maana barua chache haziwezi kuijengea sifa.

Kinachoniudhi ni fundi anayebadilisha kikoa tanzu kwenye mstari wa mtumaji tu, kisha akaacha saini ya DKIM ibebe kikoa kikuu kwa barua zote. Kosa hili hudumu kwa sababu DMARC, kanuni inayolinganisha kikoa cha mtumaji na kile cha saini, isipoagizwa vinginevyo, huridhika pale kikoa kikuu na kikoa tanzu vinapokuwa vya ukoo mmoja. Kila kipimo huonyesha kijani, mteja hulipa, na sifa ya ofa na ya risiti inaendelea kuwa ile ile moja. Fungua ofa uliyopokea, tazama vichwa vyake vya asili (mistari ya kiufundi iliyofichwa juu ya barua), utafute d=, inayotaja kikoa kilichotia saini, ndani ya saini ya DKIM: ikisomeka mfano.co.ke badala ya ofa.mfano.co.ke, kazi haijafanyika. Hapo hapo kagua orodha ya waliojiondoa. Ikiwa mfumo unatumia orodha moja kwa barua zote, mgeni aliyekataa ofa za mwaka jana hatapata risiti ya mwaka huu, na hakuna atakayejua mpaka apige simu akilalamika.

Hata hivyo, sisemi kwamba kikoa tanzu ni ukuta kamili. Katika masharti yaliyoanza Februari 2024, Google yenyewe huzijumlisha barua za kikoa kikuu na za vikoa tanzu vyake inapohesabu zile 5,000 kwa siku zinazomfanya mtu kuwa mtumaji wa barua nyingi, na akishahesabiwa hivyo hatolewi tena. Wanaoshauri kununua kikoa kingine kabisa cha ofa siwaungi mkono, kwa kuwa kikoa kigeni kinachofanana na cha hoteli ndicho hasa wanachotumia matapeli. Tena nina shaka kama nyumba ya wageni yenye vyumba sita inafaidika sana na utenganisho huu, maana risiti zake chache hazitoshi kukipa kikoa tanzu sifa yake yenyewe. Kwa nyumba kama hiyo naanza na orodha: naondoa anwani zilizokufa, kisha nabakiza wale tu walioridhia kutumiwa ofa, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inalidai kwa vyovyote vile. Vikoa tanzu navijenga baada ya hapo.