"Sauti tutaweka mwishoni" na uzushi mwingine kuhusu katuni ya Rudolph

Novemba ikikaribia, simu za wateja huanza. Wanataka tangazo la Krismasi la vikaragosi, yaani vidoli vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, "kama ile katuni ya Rudolph, kulungu wa pua nyekundu." Hapo hatuna ugomvi. Ugomvi unaanza na sentensi inayofuata: "Nyie pigeni picha kwanza, sauti tutaweka mwishoni."

Hapana. Sauti ndiyo inayotangulia, na Rudolph ni ushahidi mzuri. Kipindi kilirushwa na kituo cha televisheni cha NBC nchini Marekani tarehe 6 Desemba 1964. Waigizaji wengi wa sauti walikuwa Wakanada, waliorekodiwa Toronto. Vikaragosi vyenyewe vilisogezwa Tokyo, chini ya fundi Tadahito Mochinaga. Mafundi wa Kijapani walifuata maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kurekodiwa upande wa pili wa bahari. Sasa wewe uko Sinza, mwigizaji wako yuko Mwenge, unashindwa nini kumrekodi kwanza?

Tuchukue "Heri ya Krismasi." Tuseme mwigizaji ameitamka kwa sekunde moja na nusu: kwa picha moja moja, yaani fremu, 24 kila sekunde, hizo ni fremu 36. Nakaa na rekodi, nairudia, naandika kwenye karatasi ya fremu kila silabi inaanzia wapi. Kwenye ile "m" ya Krismasi midomo lazima ikutane. Ikichelewa fremu nne, mtoto wa chekechea atakuambia huyu haongei, anatafuna. Na si mdomo tu. Kichwa huinuka kidogo kabla ya "heri", mabega hushuka neno likiisha. Yote hayo nayatoa kwenye pumzi ya msemaji, siyabuni.

Halafu picha zimekamilika, mteja analeta mwigizaji mpya anayevuta maneno kama anaimba taarabu. Sekunde moja na nusu imekuwa mbili na nusu. Fremu 24 zinazokosekana nizitoe wapi? "Si mnavuta tu kwenye kompyuta?" Ukivuta, kikaragosi kinaonekana kimelewa. Ninachowaambia wote: mlipe mwigizaji kabla hujamlipa fundi wa vikaragosi, kubali rekodi kwa maandishi, na baada ya hapo usiguse hata koma.

Mengine nitayapitia haraka.

Eti ni udongo wa mfinyanzi. Vikaragosi vya Rudolph vilikuwa vya mbao, waya, kitambaa na ngozi. Viwili vilivyosalia, Santa na Rudolph, viliuzwa mnadani mwaka 2020 kwa dola 368,000. Kwa hiyo na ile ya "vidoli ni bei rahisi" tuiache.

Eti ni kazi ya wiki mbili. Kipindi kile kina karibu fremu 70,000. Piga hesabu mwenyewe.

Eti Rudolph anaongea kwa sauti ya mtoto wa kiume. Ni Billie Mae Richards, mwanamke mtu mzima, ingawa kwenye orodha ya washiriki wa kipindi aliandikwa "Billy". Maandishi ya kipindi kile yalikuwa na shida zake: hata mwaka wa hakimiliki, kwa namba za Kirumi, ulikosewa ukasomeka 1164.

Eti ni hadithi ya kale ya Ulaya. Robert L. May aliiandika mwaka 1939 kwa ajili ya maduka ya Montgomery Ward, igawiwe bure kwa wateja. Ilianza kama tangazo, yaani kazi kama hizi mnazoniletea.

Eti kinachoonyeshwa leo ndicho kilichorushwa siku ya kwanza. Kwenye kipindi kuna kisiwa cha vitu vya kuchezea vyenye kasoro, visivyotakiwa na mtu. Mwaka 1964 Santa aliahidi kuvitafutia watoto, halafu kipindi kikaisha bila kuonekana akivifuata kisiwani. Watazamaji wakaandika barua za kulalamika, na kwa marudio ya 1965 kikaongezwa kipande cha Santa akienda kuvichukua. Kwa hiyo ndiyo, ndugu mteja, kazi iliyokwisha inaweza kubadilishwa. Vikaragosi vinarudi mezani, taa zinapangwa upya, kamera inaanza fremu ya kwanza, nami nakuandikia ankara nyingine.