Kapsuli nne kwenye gazeti: yale tunaambiana kuhusu dawa ya homa ya mafua, na ukweli wenyewe

Wiki jana jioni, ile saa watu wanashuka matatu na kemisti inajaa, mama mmoja alikuja hapa kwetu Umoja na mtoto mgongoni, akafungua kipande cha gazeti kwa kaunta na ndani kulikuwa na kapsuli nne. "Daktari, jirani amenisaidia na hizi, yeye zilimtoa homa, sasa nimpe mtoto ngapi?" Mimi ni mfamasia lakini huku kwetu ukisimama nyuma ya kaunta we ni daktari tu. Nikageuza moja nikasoma: oseltamiviri, miligramu 75, ile watu wengi wanaijua kama Tamiflu. Na mtoto ako na miaka miwili.

Nataka kuongea juu ya hizo kapsuli, juu karibu kila kitu tunaambiana vibaya kuhusu hii dawa kilikuwa kwa hiyo gazeti.

"Ikimsaidia jirani itanisaidia na mimi." Hapana jamani. Mtu mzima kawaida anapewa kapsuli moja ya 75 asubuhi na moja jioni kwa siku 5, yaani 10 kwa jumla. Mtoto mdogo anapigiwa hesabu kwa kilo, na huyu wa miaka miwili angehitaji chini ya nusu ya kapsuli moja kila wakati, na kuna ile ya maji kwa sababu hiyo. Pia mzee mwenye figo dhaifu hapewi sawa na wewe, dozi yake inapunguzwa, juu hii dawa inatolewa mwilini na figo. Kwa hivyo kama una sukari ya muda mrefu ama presha imeshika figo, sema mapema, usingoje kuulizwa.

Halafu hesabu nyingine. Zilikuwa 10, zimebaki nne, inamaanisha jirani alimeza sita akaacha siku ya tatu. Nikamuuliza mama mbona aliacha, akasema "zilikuwa zinamtapisha, akaona ni sumu."

Hapo ndipo watu wengi wanapotea. Kichefuchefu na kutapika ndio malalamiko ya kwanza kabisa ya oseltamiviri, pamoja na kichwa kuuma, na mara nyingi inakuwa zile siku za mwanzo halafu inatulia. Si sumu. Dawa nyingi zinafanyanga hivyo hasa ukizimeza asubuhi tumbo tupu, ukikimbilia kazi Industrial Area na hujaweka kitu mdomoni. Kula kwanza, hata kama ni uji ama mkate na chai, utaona tofauti. Na ndio, chai ya maziwa haina shida na hii dawa. Kuna dawa nyingine ya homa ya mafua inaitwa baloksaviri, hiyo ndio haitaki maziwa wala dawa za kiungulia zenye kalisi (calcium), juu haitaingia mwilini vizuri, sasa watu wanachanganya hizo mbili na kukataa chai bila sababu. Ukisahau dozi, meza ukikumbuka, isipokuwa kama imebaki kama masaa mawili ufikie ingine, hapo ruka, na usimeze mbili pamoja kulipia deni.

Kuacha katikati juu umeanza kuskia vizuri nayo ni kosa, kirusi bado kipo kinazaana.

"Hizo si ARV?" Hii ilikuwa swali la mama la pili, na aliuliza kwa sauti ya chini kabisa akiangalia nani yuko nyuma yake. Naliskia sana, na linaniumiza, juu nimeona mtu akirudisha dawa kwa kaunta akiogopa mume ataiona kwa begi. Zote zinapigana na virusi, lakini ni virusi tofauti kabisa: oseltamiviri inafanya kazi kwa homa ya mafua, inazuia virusi vipya kutoka kwenye seli moja kuenda kuvamia zingine, na haina kazi na HIV. Mtu anayetumia ARV naye akipata homa ya mafua anafaa kuonekana haraka, yeye ndio mwili wake unaweza kulemewa. Hivyo hivyo mama mjamzito, hii dawa anaweza kuandikiwa, wengi wanakaa tu nyumbani wakivumilia wakidhani kila dawa itadhuru mtoto.

"Si unipe tu Amoxil." Ingekuwa rahisi, lakini Amoxil ni ya bakteria. Homa ya mafua ni kirusi, hakiskii antibayotiki hata ukimeza paketi nzima, utapata tu tumbo la kuendesha. Daktari anaweza kuiandika kama kifua kimeingiliwa na bakteria juu ya hiyo homa, hiyo ni kesi ingine.

Muda nao ni wa maana. Oseltamiviri inafanya vizuri ikianzwa ndani ya masaa 48 tangu uanze kuumwa, na hata hapo inapunguza ugonjwa kama siku moja hivi, si muujiza. Kijana mzima asiye na shida ingine mara nyingi atapona na maji, usingizi na Panadol. Lakini usimwambie mtu aliye mahututi, ama mjamzito, ati siku mbili zimepita basi ameshachelewa. Kwa hao daktari anaweza kuianza hata baadaye. Na kama umetoka Kisumu ama Busia juzi na joto limepanda, pima malaria kwanza, dalili zinafanana vibaya sana.

Kuna ingine ya homa ya mafua ya kuvuta kwa mdomo, zanamiviri, mwenye asthma asiiguse bila daktari, inaweza kubana kifua. Aspirini usimpe mtoto mwenye homa ya mafua hata kidogo, inahusishwa na ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Asali pia si ya mtoto chini ya mwaka mmoja.

Kitu cha mwisho nilimwambia mama: mtoto akianza kuropoka, kuona vitu, ama kukimbia kimbia ovyo, ni nadra lakini imeripotiwa kwa wanaomeza oseltamiviri, hasa watoto na vijana, na homa ya mafua yenyewe pia inaweza kuleta. Japani ilizuia hii dawa kwa wa miaka 10 mpaka 19 mwaka 2007, ikaruhusu tena 2018. Kaa naye, mpeleke hospitali. Hivyo hivyo ngozi ikifanya malengelenge, uso ukivimba, ama pumzi ikikatika.

Tulimpima mtoto kilo hapo hapo kwa kaunta, 11 na nusu. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka, kwa hivyo sikumuuzia chochote, nilimwandikia kilo na joto lake kwa karatasi nikamsindikiza mama mpaka kwa bodaboda aende kliniki. Zile kapsuli aliniachia.